Sakafu ya mbao: rangi iliyokoza au nyepesi?

Ubishi huu haukosi kila nyumba inapofikia hatua ya sakafu. Kwa gharama, nyepesi inaongoza: mtiki au mvule hupigwa msasa, ukapaka vanishi isiyo na rangi, basi. Ukitaka kukoleza, kuna rangi ya kupenya na siku ya fundi juu yake, na akipaka haraka unabaki na mabaka kwenye maungio.

Usafi ndio penye kasheshe. Wengi hudhani rangi iliyokoza inaficha uchafu. Thubutu! Jirani na barabara ya vumbi, ukifagia asubuhi, mchana alama za nyayo unazihesabu. Mkwaruzo wa mguu wa kiti nao hutoka mweupe, kwa sababu umekata rangi ukafika kwenye mbao yenyewe. Nyepesi inasamehe vumbi na mikwaruzo. Inachosaliti ni madoa, hasa chai na mafuta.

Ukarabati hufuata mkondo huohuo. Sakafu ya rangi asilia unaweza kuiziba kipande. Iliyokolezwa, kupata rangi ileile ni bahati, mara nyingi unarudia chumba kizima.

Lakini sebule kubwa yenye madirisha mapana, iliyokoza inapendeza kweli, na mninga hukupa hudhurungi yenye wekundu bila kupakwa kitu. Chumba chenye giza, au nyumba ya watoto na mbwa, mimi ningebaki na nyepesi. Ila kumbuka mvule hukolea wenyewe ukipigwa na mwanga, kwa hiyo zulia usilitandike mapema.