Dei kea ya Rhonda, Nakuru: bei ya mtaa, na watoto wanacheza kweli kweli

Wazazi wenzangu wa Rhonda, Kaptembwo na Pondamali, wacha niseme kuhusu dei kea yenye nampeleka msichana wangu wa miaka mitatu, manake majirani wananiuliza kila saa. Iko ndani ndani huko Rhonda, vyumba viwili vya mabati na kauwanja kamezungushiwa ua, ukipita haraka huwezi jua kuna watoto hapo. Unalipa mia kwa siku, uji wa saa nne na lunchi ndani yake, na unalipa tu ile siku umeleta mtoto, hakuna mambo ya pesa ya muhula mzima. Kwa mtu wa kibarua ama anayeuza mboga Wakulima hiyo peke yake ni afueni.

Lakini si bei imefanya niandike, ni vile ticha anakaa na watoto. Mahali tulianzia walikuwa wanawekwa mbele ya tivii mpaka jioni, mtoto akirudi nyumbani haongei, anakuangalia tu, roho inauma. Hapa ticha ameketi nao chini kwa mkeka na anawaongelesha kutwa. Kuna siku nilifika mapema nikawapata na beseni ya vizibo vya soda, wanatenga vya blu huku vyekundu huku, kijana mmoja akaweka chekundu kwa vya blu. Ticha hakumwambia umekosa, alimuuliza tu, "Na hiki, ndugu zake wako wapi?" halafu akanyamaza, akangoja. Mtoto akakigeuza geuza, akaangalia beseni, akakihamisha mwenyewe, na vile alicheka sasa! (Kutumia maharagwe badala ya vizibo ticha alikataa kabisa, anasema yanaishia puani, na wale wadogo kabisa hata vizibo hawapewi.) Baadaye wakatoka nje kucheza kalongolongo, wangu akawa mama mboga, anauza majani ya mti na anarudisha chenji ya mawe, anabishana na wateja kama watu wazima, na huyu ndiye mtoto alikuwa haongei.

Najua kuna wazazi wanalalamika hapo ati mtoto haleti homuweki na wa jirani ashajua kuandika jina. Mimi hapo sikubali hata kidogo. Chekechea ya PP1 ni miaka minne, PP2 mitano, na hata huko mtaala wenyewe unataka wafunzwe kwa michezo na nyimbo, sasa wa miaka mitatu unamshikisha penseli kutoka asubuhi ya nini? Hii miaka ya mwanzo ya mtoto ndiyo ubongo unakua mbio kuliko wakati mwingine wowote, na lugha inaingia kwa kuongeleshwa na kujibiwa. Tena PP1, PP2 na hata dei kea ziko chini ya kaunti kulingana na Katiba ya 2010, lakini kabla mtoto afike PP1 wewe mzazi wa mtaa mara nyingi unajipanga mwenyewe, na kazi lazima uende, kwa hivyo ukichagua dei kea umechagua mtu wa kukulelea mtoto mchana kutwa.

Kitu kingine nilipenda sana ni maji. Hapa kwetu maji mengi ya visima yana madini ya floraidi mengi, ndio unaona watu wa Nakuru wana meno ya kahawia, na kuchemsha hakusaidii chochote. Hayo meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya ufizi wakati mtoto angali mdogo hivi, kwa hivyo uji wa kila siku ukipikwa na hayo maji ndio basi. Ticha anapikia ya mvua kwa tangi, ikikauka ananunua yale yamepitishwa kwa chujio la mkaa wa mifupa. Nilikuwa sijawahi ona dei kea ya mtaa inajali hiyo. Uji wenyewe ni wa wimbi, mzito, si ule wa kuona chini ya kikombe.

Pia mhudumu wa afya wa jamii anapita hapo anaangalia vijitabu vya kliniki, nani amekosa chanjo, nani hajapata vitamini A na dawa ya minyoo za kila miezi sita.

Sasa mahali sijaridhika. Choo wanashea na ploti, hiyo ticha anajua na amekuwa akiongea na landilodi, lakini mimi nataka kuona chao kimejengwa. Mvua ikinyesha mabati yanapiga kelele na uwanja ni matope, wanafungiwa ndani wote. Na watoto wachanga wana msaidizi mmoja tu, kwa hivyo kama wako hajafika mwaka singekushauri umpeleke huko saa hii, wachanga wanataka mikono. Wanafunga saa kumi na mbili jioni, kama unatoka soko usiku panga mtu wa kumchukua.

Nampa nyota nne kwa tano. Ukienda, fika kabla ya saa mbili ndio upate ticha akiwa na nafasi ya kuongea, na ubebe kijitabu cha kliniki, nguo ya kubadilisha na kikombe chenye jina.