Kerry kwa basi, kisha kwa teksi ya mzee: uzoefu wangu

Nianze na alama, maana najua wengi husoma mistari miwili ya mwanzo tu. Basi la watalii la Ring of Kerry, barabara ya mduara katika kaunti ya Kerry huko Ayalandi, kutoka mji wa Killarney: nyota tatu kati ya tano. Mzee wa teksi aliyetuzungusha kaskazini mwa kaunti kesho yake: nyota tano, na ya sita ingekuwepo ningempa.

Wifi yangu alikuja kutoka Mombasa kunitembelea Dublin, ninakofanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Wazee wangu pale ukiwauliza likizo niende wapi, jibu ni moja: Kerry. Hata wasiotoka huko. Wenyeji wenyewe huiita kaunti yao "Ufalme", na husema hivyo bila kucheka. Mwezi Juni tukapanda treni, na baada ya saa tatu na ushei tukashuka Killarney tukiwa na makoti ya mvua mkononi. Msiyaache. Kerry ndiyo pembe ya kusini-magharibi kabisa ya Ayalandi, na kila wingu linalotoka Atlantiki hupiga hodi pale kwanza.

Tiketi za basi tulizinunua mtandaoni, chini ya euro hamsini kwa mtu. Barabara hiyo ya mduara ina kilomita 179 na inaizunguka rasi ya Iveragh. Mabasi makubwa yote huenda upande mmoja, kinyume cha mshale wa saa, kwa kuwa kuna mahali njia imebana kiasi kwamba mabasi mawili yakikutana, moja litarudi kinyumenyume na abiria wataanza kusali. Kwa hiyo kaeni upande wa kulia. Bahari iko huko. Sisi hatukujua, tukakaa kushoto, tukaangalia kondoo na ukuta wa mawe nusu ya siku.

Mji wa kwanza ni Killorglin, na hapa nilicheka peke yangu basi zima likanigeukia. Kila mwaka, kuanzia tarehe 10 hadi 12 Agosti, watu wa Killorglin humkamata beberu wa mwituni huko milimani, wakamvika taji na kumtangaza kuwa mfalme wa mji. Sanamu yake ya shaba iko karibu na daraja, pembe juu. Hadithi moja ya kueleza asili yake yasema majeshi ya Cromwell, yule jemadari wa Kiingereza aliyeivamia Ayalandi, yalipokuwa yakija, huyo mbuzi ndiye aliyekimbilia mjini na kuwashtua watu. Nikamwambia wifi: wenzetu hawa, beberu ndiye aliyewaonya kwamba mabeberu wanakuja. Jaribu kulieleza hilo kwa Kiingereza uone kama kuna atakayekuelewa.

Baada ya hapo safari ikaanza kunikera. Dereva ndiye alikuwa pia mwongozaji, mtu mcheshi, lakini vichekesho vya mama mkwe vilimzidi. Tulipita Cahersiveen bila kusimama. Karibu na mji ule ndiko alikozaliwa Daniel O'Connell mwaka 1775, wakili aliyekusanya umati mpaka Uingereza ikakubali, mwaka 1829, Wakatoliki waingie bungeni. Kanisa kubwa la mji limepewa jina lake, yeye ambaye hakuwa padri wala mtakatifu. Ng'ambo ya maji kiko kisiwa cha Valentia, ambako mwaka 1866 kebo ya telegrafu iliyodumu iliunganisha Ulaya na Amerika, ujumbe ukawa unavuka bahari kwa dakika badala ya siku kumi na zaidi za meli. Haya yote nayajua kwa sababu nilikuwa nimesoma kabla ya kuja. Ndani ya basi nilisikia habari za mama mkwe.

Kusimama kulikuwa kwa saa ya mtu mwingine. Chakula cha mchana, dakika hamsini katika hoteli moja ya barabarani ambapo supu na mkate wa soda vilinigharimu karibu nusu ya tiketi. (Supu ilikuwa nzuri, nisidanganye. Na chai yao ni kali, ya maziwa. Ingekuwa na tangawizi ningedhani niko kwa mama.) Waterville, dakika kumi kupiga picha na sanamu ya Charlie Chaplin, ambaye alikuwa akija na familia yake likizo. Mlimani Coomakista tuliahidiwa kuviona visiwa vya Skellig, ule mwamba mkubwa ambao watawa walijenga vibanda vya mawe mfano wa mizinga ya nyuki, ukipanda ngazi zaidi ya 600 kuvifikia, na ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 1996. Tukaona ukungu. Kwa ukungu simlaumu mtu. Lakini Sneem, kijiji kizuri chenye nyumba za rangirangi, ratiba ilisema dakika arobaini, tukapewa ishirini, na mama mmoja mtu mzima ilibidi akimbie na fimbo yake asije akaachwa.

Kilichoiokoa siku ni Ladies View. Tulifika jioni, ukungu ukainuka kama mtu aliyevuta pazia, na chini yetu maziwa ya Killarney yakaanza kujitokeza moja baada ya jingine. Jina la mahali pale linatokana na mabibi waliofuatana na Malkia Victoria mwaka 1861, waliopapenda mno. Nyuma yake ndiyo milima ya MacGillycuddy's Reeks, na humo kilele cha Carrauntoohil, mita 1,038, kirefu kuliko vyote Ayalandi. Kwa aliyekulia akiuona Mlima Kenya hicho ni kilima, lakini wifi alinyamaza dakika nzima, na wifi hanyamazi. Bonde hili lote ni mbuga ya taifa, ya kwanza nchini, tangu 1932. Kwa mandhari hayo basi limepata nyota zake tatu. Nilipowaandikia kuhusu Sneem, walinijibu kwa adabu na kunipa punguzo la bei kwa safari ileile.

Sasa ya mzee.

Nilikuwa na shughuli yangu Kerry ambayo haimo katika ratiba ya basi lolote. Baba yangu ni mtu wa Kipini, na tangu utotoni tumesikia habari za "maili kumi": ule mwambao uliotajwa kuwa ni wa Sultani wa Zanzibar, uliopimwa maili kumi kutoka ufukweni kwenda bara, kutoka pande za Ruvuma hadi Kipini kwetu. Mwishoni mwa 1885 Waingereza, Wajerumani na Wafaransa walituma tume kukagua mipaka ya Sultani Barghash, na mwakilishi wa Uingereza katika tume ile aliitwa Kitchener. Mwaka uliofuata wakubwa wakakubaliana juu ya maili hizo kumi, na upande wa Kenya mwambao ukabaki kwa jina chini ya Sultani hadi 1963. Kitchener huyo huyo ndiye baadaye alikuja kuwa waziri wa vita, yule mwenye masharubu anayekunyooshea kidole katika bango la kuita vijana jeshini. Na alizaliwa mwaka 1850 Kerry, karibu na Listowel.

Mwenye nyumba tuliyolala akatupigia simu kwa mzee mmoja wa Tralee mwenye teksi. Euro mia mbili na arobaini kwa siku nzima, mtu wawili, mafuta yake, hakuna cha juu. Si rahisi, najua. Lakini alikuja dakika kumi kabla ya wakati, na swali lake la kwanza lilikuwa: "Mnataka kuona nini?" Katika basi hakuna aliyetuuliza hilo.

Nilipomtajia Kitchener alikaa kimya kidogo, kisha akasema atatupeleka, ila kwanza atatuonyesha mtu wake yeye. Akatupitisha Ardfert, penye magofu ya kanisa kuu la kale, mpaka ufuko wa Banna. Mchanga mweupe, mpana, hauna mwisho, na upepo unaokuvua mtandio. Hapo, alfajiri ya Ijumaa Kuu, tarehe 21 Aprili 1916, Roger Casement, Muayalandi aliyetaka nchi yake ijitoe mikononi mwa Uingereza, alishushwa na nyambizi ya Kijerumani pamoja na wenzake wawili. Mashua yao ilipinduliwa na mawimbi, wakafika pwani wamelowa chapachapa. Meli iliyokuwa ikileta bunduki 20,000 kwa ajili ya uasi wa Dublin dhidi ya Waingereza ilinaswa na Waingereza, na nahodha wake akaizamisha nje ya bandari ya Cork.

Jina la Casement wasomaji wa Kongo wanalijua. Alikuwa konsuli wa Uingereza huko, na mwaka 1903 alipanda mto kwa meli ndogo akiwasikiliza watu waliokatwa mikono na kuchomewa vijiji kwa ajili ya mpira wa Leopold, mfalme wa Ubelgiji aliyeishika Kongo kama mali yake binafsi. Ripoti yake ya 1904 ni moja ya mambo yaliyomfanya Leopold anyang'anywe Kongo miaka minne baadaye, japo aliyekabidhiwa ni serikali ya Ubelgiji. Ofisi yake ilikuwa Boma, mji mkuu wa wakati ule. Sasa tazama mambo: siku ileile ya Banna polisi walimkamata amejificha ndani ya boma la kale, tuta la udongo la duara lililoota miti. Mzee alitusimamisha hapo. Ukiingia huoni kitu, ni majani na matope na jiwe la kumbukumbu, lakini alivua kofia yake kwenye mvua na sisi tukasimama naye. Casement alinyongwa London kwa uhaini tarehe 3 Agosti 1916. Kitchener alikufa tarehe 5 Juni mwaka huohuo, meli yake ilipogonga bomu la majini. Hata miezi miwili haikupita kati yao.

Njiani kwenda Listowel mvua ilitufungia madirisha, vioo vikajaa mvuke. Mzee akauliza maili kumi ndiyo nini. Wifi akachora kwa kidole kwenye kioo: huku bahari, hapa Mombasa, huku Kipini kwa mkwe wangu, kisha mstari mmoja unaofuata pwani. Mzee akawa anatazama kwenye kioo chake cha juu, jicho moja barabarani. Mwisho akauliza, kwa nini kumi? Kwa nini si tano, au ishirini? Wifi akamjibu, "Mzee, huyo wa kumuuliza ni mtu wenu." Alicheka mpaka ikabidi apunguze mwendo.

Nyumba ya Kitchener hatukuingia, ni mashamba ya watu. Alituonyesha upande uliko. Barabarani tulikopita sikuona kibao. Baba yake alikuwa ofisa Mwingereza aliyenunua ardhi baada ya Njaa Kuu ya viazi, wakati mashamba ya wenye madeni yalipokuwa yakiuzwa bei ya kutupa. Mwaka 1841 Kerry ilikuwa na watu karibu laki tatu. Sensa ya 2022 imehesabu laki moja na nusu na kitu. Hilo mzee alilisema akionyesha kuta za mawe zisizo na paa uwandani, moja, nyingine, nyingine tena.

Listowel penyewe ni mji mdogo wa soko, unajisifu kwa waandishi wake. Ila mimi nitaukumbuka kwa treni. Kuanzia 1888 hadi 1924 walikuwa na treni iliyopita juu ya reli moja tu, iliyoinuliwa kimo cha kiuno, na behewa limeikalia kama matandiko ya punda, shogi huku na shogi huku. Kichwa chake kilikuwa na matangi mawili ya mvuke, kila upande moja. Lazima pande zote ziwe na uzito sawa. Wanasimulia kwamba mtu akitaka kusafirisha piano, ilibidi upande wa pili apakiwe ng'ombe. Na ng'ombe yule kumrudisha, wanapakia ndama wawili upande wa pili, kisha ndama nao wanarudi mmoja huku, mmoja huku. Siku hizi kipo kipande kifupi cha maonyesho, unapanda dakika chache. Wifi alikaa upande mmoja, mimi na mkoba wake upande wa pili, akadai tumelingana. Mkoba ule!

Kwa mtakaokwenda: Killarney mlale usiku mmoja, mfanye basi kama hamna gari, mkae kulia, na mbebe chakula chenu. Usiku wa pili laleni Tralee, ambao ndio mji mkuu wa kaunti na bei zake ni za watu wa kawaida. Teksi ulizieni kwa mwenye nyumba, si mtandaoni, na semeni mapema mnataka kuona nini. Treni ya kurudi Dublin inaanzia hapohapo Tralee, viti havijajaa. Stesheni inaitwa Casement. Wifi alisimama chini ya jina hilo nimpige picha ya kumtumia baba, na treni ikawa inapuliza.