Tairi gani ununue kwa njia za changarawe za bonde la mto Inn, kuanzia namba moja mpaka lile la kuacha dukani

Wadau wa baiskeli mlioko Austria, Uswisi na Ujerumani ya kusini, na nyie mnaokuja likizo kiangazi na baiskeli zenu, hii ni ya kwenu. Theluji ikianza kuyeyuka tu swali ni lile lile, ninunue tairi gani, na wengi wanaenda dukani na picha za milima kichwani, wanatoka na tairi lenye kashata (yale meno ya mpira) kubwa kama la trekta wakati sehemu kubwa ya safari yao itakuwa chini bondeni kando ya mto.

Tuanze na bonde lenyewe maana ndo linaamua. Inn inaanzia kwenye ziwa dogo la Lunghin juu ya Maloja, Uswisi, inapita bonde la Engadin, inaingia Tirol, Austria, kwa Landeck na Innsbruck na Kufstein, halafu Bavaria, Ujerumani, mpaka Passau inapoingia mto Danube, karibu kilomita 517. Njia ya baiskeli inaufuata mto karibu wote, kutoka Maloja kwenye mita 1,815 juu ya bahari mpaka Passau kwenye kama mita 300. Ila ardhi haifanani. Engadin ya juu ni changarawe ya msituni, mizizi hapa na pale. Ukiingia Tirol lami inakuwa nyingi, katikati yake vipande vya changarawe iliyoshindiliwa vizuri. Na ukiacha mto ukapanda kaskazini kuelekea milima ya Karwendel unakuta mawe ya chokaa.

Hiyo chokaa msiichukulie poa. Inavunjika kwa ncha kali, na tairi hata halichaniki pale linapogusa barabara, linachanika ubavuni, pale mpira ulipo mwembamba, jiwe linaruka linapiga pale basi, umebaki na mpasuko ambao dawa ya pancha haiuzibi. Mvua ikinyesha vumbi lake linageuka uji mweupe unaoganda kwenye kashata zilizobanana, unaingia mpaka kwenye breki unazila. Kwa hiyo mi nikiwa dukani kitu cha kwanza sio kusoma uzito, nalikunja tairi ubavu kwa vidole viwili. Likikunjika laini kama shati, nalirudisha.

Sasa mpangilio wangu.

Namba moja, na kwa watu wengi unaweza kuishia hapa: upana wa milimita 45, katikati karibu kipara au kashata fupi sana, pembeni kashata zinazoshika kwenye kona, na ubavu ulioongezewa nguvu. WTB Riddler ya 45 iko kwenye kundi hili, Schwalbe G-One RS ya 45 pia, hiyo ya pili ni ya mbio zaidi kwa hiyo kwenye chokaa usiitegemee sana. Sababu ni rahisi tu, kwenye lami ya Innsbruck kwenda Kufstein katikati laini inateleza bila kukula nguvu, na ukiingia kwenye kona ya changarawe kashata za pembeni ndo zinakamata. Na upana huo unakuruhusu kupunguza upepo. Mtu wa kilo 75 kwenye tyublesi (tairi lisilo na tyubu ndani, linatiwa dawa ya kuziba matundu) aanzie bar 2 (bar ni kipimo cha upepo) mbele na 2.2 nyuma, halafu aongeze au apunguze kidogo kidogo kwa jinsi mikono inavyojisikia, maana mikono ndo ya kwanza kulalamika kwenye mteremko wa Engadin. Watu wanabishana sana kuhusu kashata, kiukweli upana na upepo vinafanya kazi kubwa kuliko kashata.

Namba mbili ni kwa wale ambao fremu haipokei 45, na mko wengi, hasa baiskeli za zamani kidogo. Chukua 40 mpaka 43 yenye kashata ndogo ndogo nyingi. Panaracer GravelKing SK ya 43 ni mfano ambao fundi yeyote anaujua. Continental Terra Speed ya 40 ni nyepesi na inakimbia kweli, ila kama mpango wako ni chokaa uliza aina yenye ubavu mgumu zaidi. Kabla hujalipa pima nafasi kwenye fremu nyuma na kwenye foku mbele, ibaki milimita 4 au 5 kila upande, maana kijiwe kimoja kikikwama pale kinasugua rangi na baadaye fremu yenyewe. Upepo hapa anzia bar 2.4 na 2.6.

Namba tatu ni 50 na kuendelea. Najua inavutia. Ukiwa mtu wa kupanda treni Innsbruck kwenda Scharnitz halafu unafuata mto Isar juu kwenye bonde la Hinterau kila wikendi, nunua, hutajuta, vidole na mgongo vitakushukuru. Kwa wengine ni uzito wa kubeba bure na sababu yenyewe iko kwenye sheria. Sheria ya misitu ya Austria ya 1975 inamruhusu kila mtu kutembea msituni kwa miguu, ila baiskeli inahitaji ruhusa ya mwenye barabara, ndo maana Tirol njia zilizoruhusiwa zimewekewa vibao, na nyingi ni zile barabara pana za malori ya magogo. Barabara ambayo lori linapita haihitaji tairi la milimita 50, inahitaji ubavu imara. Kwa hiyo fuata vibao na hela yako weka kwenye ubavu.

Namba nne, tairi kipara la safari la 35 hivi, lenye tabaka nene la kuzuia miba kama Schwalbe Marathon Plus. Zito, gumu, halipati pancha kirahisi. Linafaa kwa mtu mmoja tu, anayebeba mabegi kutoka Kufstein kwenda Passau bila haraka. Usipande nalo Engadin.

Namba tano ni lile la matope, kashata ndefu zilizoachana. Kwenye lami linanguruma, linaisha mapema, na kwenye changarawe iliyoshindiliwa zile kashata zinacheza unahisi baiskeli inayumba. Liacheni dukani.

Bei, tairi zuri moja ni kama euro 45 mpaka 70, na Uswisi mara nyingi utalipa zaidi, kwa hiyo anayeanzia Maloja bora anunue Austria au Ujerumani kabla ya kupanda treni. Hela ikiwa ndogo nunua zuri moja liweke nyuma, ndo linabeba uzito na ndo linachanika.

Kuhusu tyublesi, ndiyo, nenda nayo, matundu madogo yanajiziba yenyewe, ila dawa inakauka ndani ya miezi michache kwa hiyo mwambie fundi aiangalie kabla ya msimu. Na rimu zako kama ni zile zisizo na kulabu ndani (ule ukingo unaoshika tairi) usizidishe bar 5 kabisa, na hakikisha tairi limeandikwa linafaa kwa rimu hizo. Kwenye begi weka tyubu moja ya akiba, vikamba vya kuziba tundu kubwa, na kipande cha tairi kuukuu ukubwa wa viganja viwili vya mtoto. Ubavu ukipasuka kule Engadin juu ya mji wa Scuol, unakiweka kipande kile kwa ndani, unatia tyubu, unajaza upepo kidogo chini ya kawaida, unashuka taratibu mpaka stesheni.

Na wa kuvuka mpaka kutoka Martina, Uswisi, kwenda Nauders, Austria, ile kona baada ya kona ya kupanda Norbertshöhe mita 1,405 ni lami tupu, ongezeni upepo kidogo kabla ya kuanza, halafu punguzeni tena kule juu.