Tathmini ya huduma ya mazoezi ya goti nyumbani, Kisumu

Nilipofanyiwa upasuaji wa kubadilisha goti la kulia mwezi wa Februari, nilikuwa nimejiandaa kwa siku ya upasuaji wenyewe kuliko kwa miezi iliyoifuata. Nilikuwa nimetafuta fedha, nimeombewa kanisani, na wanangu walikuwa wamefika kutoka Eldoret na Nairobi. Lakini sikuwa nimefikiria ni nani atakayenisaidia kuinuka kitandani siku ya kumi, watoto wakiwa wamekwisha kurudi kazini na goti likiwa limevimba kama papai. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa Kisumu na maeneo ya karibu wanaosubiri upasuaji huo, au waliokwisha kufanyiwa na wanaona siku zinakwenda bila nafuu wanayoitarajia. Huduma ninayoitathmini ni ya kikundi kidogo cha mafizio, yaani wataalamu wa tiba ya mazoezi ya viungo, wanaomfuata mgonjwa nyumbani kwake. Sitaandika jina lao, kwa sababu yapo niliyoyalalamikia na tukayamaliza wenyewe kwa wenyewe. Nitaeleza kazi yao kwa namna itakayomwezesha msomaji kuipima huduma yoyote ya aina hii kabla ya kutoa pesa zake.

Nilichagua mazoezi ya nyumbani kwa sababu ya usafiri. Kutoka kwangu Migosi hadi hospitalini si mbali, lakini tuktuk haina nafasi ya mguu usiokunjika, na pikipiki haikufikirika. Mara moja tu nilijaribu kuketi nyuma ya tuktuk nikiwa nimeuweka mguu kando, na kila tuta la barabarani lilinifikia kwenye mshono. Niliporudi nyumbani nilimwomba binti yangu apige simu, na asubuhi ya siku ya kumi na mbili fizio akabisha hodi.

Alikuwa kijana wa rika la mwanangu wa mwisho. Alivua viatu mlangoni, akasema, "Habari ya asubuhi, Mwalimu," akanawa mikono, kisha akasimama kando ya kitanda bila kunigusa, akiuangalia mguu tu. Jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kuuondoa mto niliokuwa nimeuweka chini ya goti tangu nitoke wodini, mto ambao ulikuwa ndio faraja yangu kubwa usiku.

"Mto huu unakupa raha, Mwalimu, lakini goti likipona likiwa limekunjwa hivi, kulinyoosha baadaye kutakuwa vita," akasema. Akakunja taulo, akaliweka chini ya kisigino, goti likabaki linaning'inia bila kitu chochote chini yake. Nilihisi misuli ya nyuma ya paja ikivutwa taratibu, na baada ya dakika tano nilimwomba aliondoe. Aliliondoa, akaniambia tutarudia mara tatu kwa siku.

Kisha akatoa goniomita. Nimefundisha hisabati kwa miaka 31, na nilikitambua chombo hicho mara moja: ni kipimapembe chenye mikono miwili mirefu, mmoja hulazwa sambamba na paja na mwingine sambamba na muundi. Akapima, akanionyesha, akaandika katika daftari la kawaida la shule nililompa: kukunja, digrii 68, kunyoosha, pungufu ya digrii 12. Chini ya mstari huo akaniandikia maana ya namba zenyewe. Kutembea sawasawa kwenye sakafu tambarare kunahitaji goti likunjike kwa digrii zinazokaribia 70. Kupanda ngazi kunahitaji zaidi ya 80. Kuinuka kwenye kiti cha kawaida bila kujivuta kwa mikono kunahitaji zaidi ya 90. Kuhusu kunyoosha, alitaka tufike karibu na sufuri, kwani mguu usionyooka humfanya mtu achechemee hata kama goti linakunjika vizuri.

Daftari hilo ndilo sababu kubwa ya mimi kuisifu huduma hii, na nitaeleza kwa nini. Kupona kwa goti ni kwa polepole kiasi kwamba aliye ndani yake haoni kitu. Leo linauma kama jana, usiku halina mkao, asubuhi limekakamaa, na jamaa wanaokuja kukujulia hali wanakuuliza swali lile lile: "Bado tu?" Binamu yangu aliyeko Nakuru, aliyefanyiwa upasuaji kama wangu mwaka mmoja kabla, alitupa mkongojo katika wiki ya sita, na kila nilipoongea naye kwenye simu nilijiona nimefanya kosa fulani. Namba zilizoandikwa na mtu mwingine, kwa chombo kile kile, siku ile ile ya wiki, ziliniondoa katika kujihukumu kwa hisia za asubuhi.

Wiki ya tano ndiyo iliyonifunza zaidi. Nilikuwa nimefika digrii 84, na nikaona naweza kwenda matangani Ahero. Niliketi kwenye kiti cha plastiki chini ya hema kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi, mguu ukining'inia, kwa sababu sikutaka kuwasumbua watu waniletee kiti kingine cha kuuegeshea. Kesho yake goti lilikuwa la moto, ngozi imevutika na kung'aa, na goniomita ikasoma 77. Nililia. Nililia mbele ya kijana yule, nikamwambia kwamba chuma kimekataa, kwamba ningekaa na goti langu la zamani na maumivu niliyoyazoea.

Hakunipa maneno matamu. Aliangalia mshono, akanipima joto la mwili, akauliza kama nilipata baridi ya kutetemeka au kama kuna majimaji yaliyotoka, yaani alikuwa akitafuta dalili za maambukizi kwanza, na hakuzipata. Ndipo akavuta kiti na kunieleza kile ambacho ningependa kila mgonjwa aelezwe kabla ya kutia sahihi fomu ya upasuaji. Daktari hakuling'oa goti lote. Alikata tabaka la mwisho wa mfupa wa paja na la juu ya mfupa wa muundi, akazivika ncha hizo chuma, na katikati akaweka plastiki ngumu. Sehemu hizo ziko imara tangu mwanzo. Kinachochukua muda ni nyama inayozizunguka: misuli ya mbele ya paja ambayo huwa kama imezimika baada ya upasuaji, makovu yanayojijenga ndani, na maji yanayokusanyika kila nyama hizo zinapofanyishwa kazi kupita kiasi. Uvimbe na joto huweza kuendelea kwa miezi mitatu hadi sita, na kwa wengine hata karibu mwaka. Ganzi upande wa nje wa mshono ni ya kawaida, kwa kuwa mishipa midogo ya fahamu ya ngozi hukatwa. Kisha akafunua daftari nyuma hadi ukurasa wa kwanza na kuweka kidole kwenye 68.

Kwa siku mbili alipunguza mazoezi kwa nusu, akaniamuru nilale mguu ukiwa juu kuliko moyo, ukiwa umeegeshwa kuanzia kisigino na siyo chini ya goti, na niweke barafu dakika 15 hadi 20 kila mara, ikiwa imefungwa kwa kitambaa, kwa kuwa ngozi yenye ganzi huweza kuungua kwa baridi bila mwenyewe kujua. Barafu yenyewe ilikuwa mtihani. Kisumu ina joto, umeme hukatika, na friji yangu ni ndogo. Mjukuu wangu ndiye aliyepata njia: alikwenda kwa wauza samaki Dunga na kurudi na barafu iliyopondwa kwenye ndoo, ile wanayohifadhia sangara na ngege. Barafu hiyo iliyopondwa hulizunguka goti vizuri kuliko chupa ya maji yaliyoganda, na tangu siku hiyo hatukutumia nyingine. Wiki ya sita nilisoma 88, na wiki ya saba 93.

Mazoezi yenyewe hayakuhitaji mashine. Kupiga nyayo mbele na nyuma ili damu isilale miguuni. Kukandamiza goti kitandani na kuhesabu hadi tano. Kuketi ukingoni mwa kiti na kurudisha mguu nyuma taratibu. Zoezi lililonifaa zaidi lilikuwa kukokota kisigino nikiwa nimelala, soksi ikiteleza juu ya sinia la bati lililowekwa kitandani. Fizio alikuwa akinipigia simu saa moja kabla ya kuja ili nimeze dawa ya maumivu niliyoandikiwa na daktari, kwa maana goti lenye maumivu makali hujikaza na zoezi likapotea bure. Alinifundisha pia vidato vitatu vya mlangoni: kupanda nikitanguliza mguu mzima, kushuka nikitanguliza uliopasuliwa.

Kuna ziara moja ambayo hakufanya zoezi lolote. Ilikuwa wiki ya tatu. Alibonyeza shavu la mguu kama alivyofanya kila mara, nikashtuka kwa maumivu, akalinganisha miguu yote miwili kwa utepe wa kupimia na kukuta ule wa kulia umezidi kwa sentimita tatu. Alisimamisha kila kitu na kutuambia twende siku hiyo hiyo tukapigwe picha ya mishipa, kwa kuwa damu ikiganda mguuni huweza kusafiri hadi mapafuni. Haikuwa imeganda, namshukuru Mungu. Hakutoza ziara hiyo, na alipiga simu jioni kuuliza majibu. Fizio asiyekugusa shavu la mguu katika wiki za kwanza, mimi singemlipa.

Sasa lawama zangu. Wiki ya nane yule kijana alisafiri, na mwenzake aliyekuja badala yake hakufungua daftari. Alilikunja goti kwa nguvu, huku nikimwambia asimame, mpaka nikapiga kelele jirani akaja. Kunyoosha na kukunja kunauma, hilo nalikubali, lakini maumivu yanayomfanya mgonjwa akaze mwili mzima hayaongezi digrii. Siku mbili zilizofuata nilipoteza usingizi na digrii nne. Nililalamika, wakaniomba radhi, na hakurudi tena. Wewe usisubiri kulalamika baadaye: mwambie fizio asimame, na asiposimama ondoa mguu wako.

Fremu ya kutembelea niliyoikodi kwao kwa shilingi 1,500 kwa mwezi ilikuja na mpira wa mguu mmoja ukiwa umelika hadi bati. Iliteleza kwenye vigae vya bafu siku ya pili, na kama binti yangu hangekuwa mlangoni ningeanguka. Waliibadilisha kesho yake. Kabla ya kupokea fremu yoyote, igeuze juu chini uangalie mipira yote minne, kisha uirekebishe urefu hadi vishikio vifike usawa wa kifundo cha mkono wako ukiwa umesimama wima. Kiti cha choo cha kuinuliwa nilikikosa kwao, na fundi wa seremala wa mtaani akanitengenezea kiti cha mbao chenye tundu ambacho mpaka leo kiko imara. Kuchelewa kwao wakati wa mvua za Aprili kulikuwa kwa kawaida, mara nyingine saa nzima, na risiti ilibidi kuziomba.

Kuhusu gharama: ziara moja ilikuwa shilingi 2,000. Mwezi wa kwanza walikuja mara tatu kwa wiki, wa pili mara mbili, wa tatu mara moja, jumla ziara 24, nikalipia 23, yaani shilingi 46,000. Fedha hizo zilitoka mfukoni mwangu. Ni nyingi kwa mstaafu. Kwa mtu anayeishi karibu na hospitali na mwenye gari la familia, nadhani ni busara kutumia huduma ya nyumbani kwa mwezi wa kwanza tu, kisha akaendelea na kliniki ya hospitali. Kwa anayeishi peke yake, au mwenye goti gumu kama langu, ningesema alipie yote. Muulize pia fizio kuhusu leseni yake. Taaluma hii ina baraza lake la kitaifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, na mtaalamu halali hatachukia kuulizwa. Wangu alitoa kadi yake kabla sijamaliza swali.

Mwisho wa huduma, mwezi wa Mei, goniomita ilisoma 111 kwa kukunja na pungufu ya 3 kwa kunyoosha. Sasa ni Julai. Natembea bila mkongojo ndani ya nyumba na hubeba mmoja ninapokwenda sokoni Kibuye siku ya Jumapili, zaidi ili watu wanipishe. Goti bado lina joto jioni, upande wa nje bado una ganzi, na kanisani huketi wenzangu wanapopiga magoti. Usiku nalala mfululizo tangu katikati ya Juni, jambo ambalo nililikosa kwa miaka kabla ya upasuaji. Nimekubaliana na yule kijana aje mara moja kwa mwezi kupima, hadi mwaka utimie. Ukurasa wa Agosti tayari nimeupigia mstari. Mnaopanga upasuaji, wasiliana na fizio wenu wiki mbili kabla ya kulazwa, maana wangu alinieleza kwamba paja lililozoezwa mapema huamka haraka, na mimi nilimpigia simu nikiwa tayari nimeshonwa.