Bufee ya jioni kwenye boti, Mwanza: uzoefu wangu wa chakula, foleni na upepo

Mwenye haraka achukue hukumu mapema: ziwa nyota tano, chakula tatu na nusu, foleni mbili. Jina la boti silitaji, kwa kuwa karibu yote ninayolalamikia yanatokana na namna huduma hii inavyoendeshwa: jiko liko nchi kavu, walaji wako majini, na katikati kuna kama saa mbili ambazo chakula kinakaa kikisubiri. Ukilielewa hilo, utajua upakue nini, lini, na uketi wapi.

Bei niliyolipa ni Sh 70,000 kwa mtu mzima, watoto chini ya miaka 12 nusu yake. Ndani yake kuna safari ya saa tatu, bufee, na soda moja au chupa ya maji. Bia, mvinyo na picha za mpiga picha wa boti ni juu yako. Kianzio ni nusu, kwa lipa namba. Kabla hujatuma, uliza swali moja: samaki ni wa kurudia? Kwenye matangazo wanaandika "bufee" tu, ila ukifika mezani wali, ndizi na mboga unajipakulia mpaka uchoke, lakini sato anagawiwa na mhudumu, kipande kimoja kwa sahani. Sina ugomvi na utaratibu huo, sato ni ghali. Ugomvi wangu ni kuambiwa ukiwa tayari umeshika sahani.

Kupanda ni saa 11 jioni upande wa Capri Point, kuondoka saa 11:40. Hapo usikubali uzembe. Mwanza jua huzama kati ya saa 12:40 na saa 1:10 kulingana na mwezi. Novemba ni mapema zaidi, Februari ndiyo huchelewa. Na huku kwetu karibu na ikweta halina mbwembwe: likigusa vilima vya upande wa Sengerema, dakika mbili tatu limekwenda, na baada ya dakika ishirini na kidogo giza limeshika. Boti ikichelewa sana kuondoka kwa sababu inamngoja mgeni mmoja aliyekwama kwenye foleni ya magari, nyote mtalitazama jua mkiwa bado mmefungwa gatini.

Njia ni ileile kwa boti nyingi. Mnapita kando ya kisiwa cha Saanane, mnazunguka ncha ya Capri Point, mnaingia kwenye ghuba ya mjini hadi Jiwe la Bismarck, halafu mnatoka kuelekea maji mapana kabla ya kugeuza. Saanane ilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, kilomita za mraba 2.18 tu. Safari ya jioni haishuki kisiwani, inapita tu, kwa hiyo kiingilio cha hifadhi hakikuhusu. Akitokea mtu anakudai, mwulize ni cha nini. Wakati wa kwenda, boti ikielekea kaskazini, machweo yako kushoto na jiji liko kulia. Kurudi ni kinyume, lakini giza limeshaingia, na cha kutazama ni taa za vilimani, Bugando na Isamilo, zimepandana juu ya mawe kama zimebandikwa ukutani. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua kushoto, katikati ya boti. Mbele kunarushwarushwa, nyuma kuna moshi wa dizeli na mlio wa jenereta.

Sasa chakula.

Sato wa kukaanga ndiye anayetangazwa, na ndiye anayeharibika kwanza. Jikoni anachanjwa mbavuni, anatiwa chumvi na limau, anakaangwa mzima, na akitoka kwenye mafuta ngozi inalia ukiigusa kwa uma. Kosa linafanyika dakika inayofuata. Akifunikwa angali moto, mvuke unapanda, unagonga kifuniko, unarudi chini matone, na ndani ya dakika ishirini ile ngozi imelegea kama ya samaki aliyechemshwa. Ukiinua kifuniko utaona mwenyewe, kina jasho. Dawa yake si ngumu: sato akaangwe mwisho kabisa, apoe dakika kumi kwenye wavu, kisha trei ifunikwe nusu. Au wakaange nusu nusu na kummalizia kwenye boti. Niliyekula alikuwa na nyama safi, nyeupe, mtamu kwelikweli, ila ngozi ilibaki sahanini.

Mchemsho wa sato ni habari nyingine. Huko kusubiri ndiko kunakoupa ladha. Viazi, karoti, nyanya chungu, pilipili hoho na limau vinazidi kuingiliana kadiri vinavyokaa kwenye moto mdogo, na samaki akiwa amezama kwenye supu hakauki. Sangara wa rosti naye anavumilia. Nyama yake ni nene na ina mafuta. Mhudumu aliyekuwa mezani alijua siri hiyo. Mama mmoja mbele yangu alipofika, aliambiwa, "Shikamoo mama. Sato wa kukaanga wamebaki mikia. Nikuwekee mchemsho?" Akajibu, "Marahaba mwanangu, weka, na supu yake usininyime." Huyo mama alikula vizuri kuliko waliotangulia.

Pilau inakaa vizuri, ndizi nyama vilevile. Ugali wa dona ulikuwa na ngozi ngumu juu, lakini ukivunja chini bado laini. Ugali wa muhogo ukipoa unavutika kama mpira, uwahi mapema au uache. Chipsi usipoteze nafasi ya sahani. Kachumbari ilikuwa inaogelea kwa sababu chumvi iliwekwa nchi kavu. Chumvi na limau viwekwe pale pale mezani. Saladi ya kabichi yenye mayonesi iliyokaa bila barafu sikuigusa, na nakushauri usiiguse. Kanuni ya usalama ni hii: chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, na kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Kwenye boti kanuni hiyo inavunjwa na upepo. Vikopo vya moto wa jeli vinavyowekwa chini ya trei huzimika kila boti inapotoka kwenye kinga ya kilima, na mwali wake hauonekani vizuri mchana, hivyo mhudumu anadhani bado unawaka. Gusa ubavu wa trei kwa nyuma ya kidole. Ukiweza kuushikilia bila kuondoa mkono, hiyo si trei ya kuamini kwa samaki wala nyama.

Mishikaki ndiyo ilipata alama zote, na sababu ni moja: inachomwa papo hapo, nyuma ya boti, kwenye jiko la gesi. Mtungi ulikuwa umefungwa kwa mnyororo, mtungi wa kuzimia moto uko hatua mbili, ndoo ya mchanga ipo. Nikiona mkaa juu ya sitaha ya mbao sipandi.

Foleni. Abiria tulikuwa 46, meza moja, inapakuliwa upande mmoja. Kila mtu akitumia sekunde 45, wa mwisho anasubiri zaidi ya nusu saa, na ndivyo ilivyokuwa. Meza ingevutwa katikati, watu wapakue pande zote mbili, muda ungekatika nusu. Lakini ilikuwa imebanwa kwenye ukingo wa kulia, na hapo si suala la njaa tena. Watu thelathini wakisimama upande mmoja, boti inalala. Ilikuwa inaonekana kwenye trei ya rosti: mchuzi wote umehamia kona moja, vipande vya sangara upande wa pili vimebaki vikavu. Kapteni alimtuma kijana akapita akisema, "Wazazi, naomba tuketi, tutawaita meza kwa meza." Alifanya vema, ila utaratibu huo ulitakiwa uwepo tangu mwanzo. Hali hujirudia pale kwenye Jiwe la Bismarck, kila mwenye simu anapokimbilia upande mmoja. Mji huu hauhitaji kukumbushwa Mei 21, 1996, siku MV Bukoba ilipozama.

Kwa hiyo kabla ya kuketi, mambo matatu, dakika tano zinatosha. Idadi ya abiria inayoruhusiwa iwe imeandikwa mahali unapoisoma, na cheti cha ukaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, kiwepo na kisiwe kimepitwa na muda. Maboya ya kuvaa yawe mahali pa kufikiwa, si yamefungiwa kabatini chini ya spika. Lako lijaribu, funga mikanda, na kama una mtoto dai la kipimo chake, maana la mtu mzima litamtoka kichwani. Tatu, uone njia mbili za kutoka sitaha ya chini. Boti hii ilifaulu yote, isipokuwa maboya ya watoto yalikuwa manne na watoto tisa.

Upepo una ratiba yake. Alasiri unavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu na kuamsha mawimbi, machweo hutulia, usiku hugeuka ukatoka nchi kavu. Ndiyo maana safari ya jioni ni tulivu kuliko ya saa tisa mchana. Juni hadi Agosti hakuna mvua ya maana lakini upepo wa kusini unaweza kuwa mkali, njoo na sweta. Machi hadi Mei angalia mawingu, na kapteni akiahirisha, mshukuru. Wanaochafukwa na tumbo waketi katikati, watazame mbali, wale pilau kidogo bila mchuzi. Nyuma ya Saanane maji ni shwari, na kwa maoni yangu hapo ndipo bufee ingefunguliwa, saa 12:15, injini ikiwa taratibu. Wao wanafungua saa 1, jua likishazama, boti iko kwenye maji mapana, upepo unazima jeli, na giza linafanya usione mwiba wa sato. Kubadilisha saa tu kungewapa nyota nzima zaidi.

Magugumaji nayo yana siku zake. Upepo huyasukuma yakajaza ghuba usiku mmoja, kesho yake hayapo. Yakinaswa kwenye pangaboi, au yakiziba tundu linalovuta maji ya kupoza injini, joto linapanda na kapteni analazimika kusimama na kurudi nyuma mara kadhaa kujisafisha. Robo saa ilipotea hivyo. Si uzembe wa mtu. Na pale gatini, kwenye majani na maji mafupi, usiteremshe miguu majini kwa ajili ya picha. Konokono wa kichocho hukaa sehemu kama hizo.

Tarehe ya kuchagua inategemea unapenda nini. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haujatoka, wavuvi wa dagaa wako kazini, na ukitazama nje ya ghuba utadhani kuna mji mwingine juu ya maji, mistari ya taa hadi macho yanapokoma. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa, wavuvi wengi hubaki nyumbani na ziwa linabaki tupu, la kupendeza kwa namna yake. Lakini zile siku za giza, za mwezi mwandamo, ndizo pia za wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi. Hawaumi, ila wanapenda taa nyeupe, na taa nyeupe ziko juu ya meza ya chakula. Boti hii ilikuwa na taa za njano mezani, vifuniko vinarudishwa kila baada ya kupakua. Hapo nawapongeza. Mimi ningechagua giza na wadudu wake, kwa ajili ya zile taa.

Muziki ulikuwa mkubwa, ukapunguzwa tulipoomba. Choo kimoja, safi mpaka saa mbili usiku, baada ya hapo hapana.

Kushuka ni karibu saa 2:50. Ubao wa kushukia unakuwa na umande na mafuta ya samaki yaliyodondoka, kwa hiyo viatu vya kisigino vivue mapema, na bajaji iite mkiwa bado mnazunguka Capri Point, la sivyo mtagombania mbili zilizopo. Mishikaki iliyobaki wanakubali kukufungia, ila mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na vibeba-chakula vyao huisha, hivyo njoo na kibakuli chenye mfuniko. Waambie wakupe iliyotoka motoni dakika zile za mwisho. Mchemsho uliopakiwa tangu saa 11, hata kama bado unanukia vizuri, waachie.