Kama una makaratasi ya CDA (ile mamlaka ya zamani ya ardhi ya Dodoma) ndani soma hapa kwanza: maoni yangu kuhusu ile ofisi ya ushauri wa ardhi Uhindini

Wana Dodoma habari zenu. Naulizwa sana na ndugu na majirani kuhusu ile ofisi tuliyopeleka makaratasi ya kiwanja cha marehemu baba, kwa hiyo naandika hapa kila mtu asome. Ni ofisi ndogo, chumba kimoja ghorofani upande wa Uhindini, yupo mzee aliyestaafu kazi ya upimaji na dada mmoja wa kuchapa. Kazi yao ni kusoma nyaraka za viwanja vya hapa mjini, wanakuambia zina nini na zinakosa nini, wanakuandikia barua na kukujazia fomu, halafu unapeleka mwenyewe. Hawauzi viwanja na hela ya serikali hawaigusi, unalipa mwenyewe kwa kontrol namba. Hilo tu lilinifanya niwaamini maana madalali hapa mjini wamejaa.

Najua wapo watakaosema mtu mzima unalipa hela usomewe makaratasi ya kwenu? Ndiyo, kwa Dodoma nalipa, na nitaeleza kwa nini maana hapo ndo ulipo ubora wa hii huduma.

Huu mji kwa miaka mingi ulikuwa na wakubwa wawili. Chama cha TANU kiliamua mwaka 1973 makao makuu yahamie Dodoma, na mwaka huohuo ikaundwa CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo Sir George Kahama aliwahi kuiongoza. Masta plani ya mwanzo ilikamilika 1976, imechorwa na kampuni ya Toronto kule Kanada. CDA ndo ikawa na ardhi ya mji mkononi, inapanga, inapima, inagawa viwanja, inatoa vibali vya ujenzi na ukijenga bila kibali wanakuja kubomoa, wakongwe wanakumbuka. Mwananchi alikuwa anapewa hati ya miaka 33 tu yaani ni kama mpangaji wa CDA. Upande wa pili kuna Manispaa na meya wake na madiwani wake, inashika shule za msingi, zahanati, masoko, leseni za biashara. Diwani umempigia kura wewe mwenyewe ila ukimfuata kwa shida ya kiwanja hana sauti, atakuambia nenda CDA, na CDA hakuna hata mmoja uliyempigia kura. Malalamiko ya wananchi yakawa hayaishi miaka nenda rudi.

Ndo ikaja tarehe 15 Mei 2017, Rais Magufuli akasaini kuivunja CDA. Kazi zake, mali zake na watumishi wake vikaingizwa Manispaa ya Dodoma, na akaagiza zile hati za miaka 33 zibadilishwe ziwe za miaka 99. Haujapita hata mwaka, tarehe 26 Aprili 2018 kwenye sherehe za Muungano pale uwanja wa Jamhuri, Manispaa yenyewe ikapandishwa kuwa Jiji, tukawa jiji la sita baada ya Dar, Mwanza, Arusha, Mbeya na Tanga. Kwa hiyo ndani ya muda mfupi sana kiwanja kilekile, jirani walewale, mwembe uleule, kimepita kwenye ofisi tatu. Ukiwa na makaratasi ya zamani lazima ujue karatasi ipi ilitolewa na nani na kwa madaraka gani, na vijana wengi wanaojiita washauri wa ardhi hawalijui hili kabisa.

Nawapa mfano wetu. Baba alipata kiwanja Area A, hati yake inaanza 1989. Piga hesabu, 1989 jumlisha 33 unapata 2022. Dalali mmoja (jina naliacha) alikuja nyumbani msiba bado mbichi akamwambia mama kwamba hati imekufa, CDA haipo, hicho kiwanja kwa sasa hakina mwenyewe na ni bora auze haraka kwa bei atakayoipata kabla hakijachukuliwa. Mama alikosa usingizi. Mjane wa watu, kiwanja cha mume wake, mtu anakuja kumtisha kwa tarehe! Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Yule mzee wa ofisini hakuanza na bei wala hakuanza na fomu. Alichukua faili la baba, lile la kaki lililokatika kona, akatoa kila kitu akakipanga mezani kwa mwaka. Juu kabisa ofa, yaani barua ya kupewa kiwanja, chini yake hati yenye mhuri wa CDA, halafu risiti za kodi ya ardhi moja moja. Akamwita mama asogee, akamwonyesha kwa ncha ya penseli vichwa vya zile karatasi, mama hapa ni CDA, hapa pameandikwa Manispaa, na hii ya juzijuzi ni Jiji, ila angalia namba ya kiwanja na kitalu, haijabadilika hata tarakimu moja. Kisha akamweleza taratibu kwamba CDA ilipovunjwa haki za watu hazikuvunjwa nayo, aliyerithi ni Manispaa na Manispaa ndo Jiji, na yale maagizo ya 2017 yalitolewa kwa ajili ya watu wa hati fupi kama baba. Mama alinyamaza kidogo akauliza, kwa hiyo mwanangu sijafukuzwa? Mzee akamjibu, hujafukuzwa mama, una kazi ya kufanya tu.

Na kazi yenyewe alitutajia bila kuzunguka: kwanza mirathi, mpate barua ya usimamizi kutoka mahakamani, maana hakuna ofisi itakayobadilisha hati ya marehemu kwa maneno ya mdomo, mlipe kodi ya ardhi inayodaiwa, bikoni, yaani alama za mipaka, zikaguliwe kama bado zipo maana jirani akijenga ukuta anaweza kuzifukia, ndo mpeleke maombi. Hakutuahidi siku, na hakusema ana mtu wake ndani. Kuna mteja mwingine tulimkuta pale yeye alitaka apitishiwe haraka, akaambiwa hapa haturuki mtu, ukitaka hivyo sio hapa.

Bei: kusoma faili elfu 30, barua na fomu wanaongeza kulingana na kazi, na unaandikiwa risiti. Kwa mtu wa kipato cha chini elfu 30 sio ndogo lakini ukilinganisha na kiwanja kuondoka kwa bei ya kutupa mi naona ni halali yao.

Kitu kingine nilichokipenda, anajua hadi pembeni ya mji. Baba mdogo ana shamba ambalo karatasi zake zinasema Dodoma Vijijini, na hiyo halmashauri nayo ilishagawanywa zikatoka Chamwino na Bahi. Mzee aliuliza kijiji tu akamwambia wewe faili lako sio la Jiji, nenda Chamwino, usipoteze nauli. Watu wangapi wanapanga foleni kwenye ofisi isiyowahusu kwa sababu hakuna wa kuwaambia hivyo! Hata shemeji yangu wa Dar alipopiga simu kuuliza mambo ya Ilala alielekezwa vizuri kwamba kule mambo yalikwenda kinyume na huku kwetu, Februari 2021 iliyovunjwa ni halmashauri ya Jiji lenyewe, Ilala ndo ikapandishwa ikawa Jiji la Dar es Salaam, na Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zikabaki manispaa kama zilivyokuwa. Kwa hiyo mtu wa Ilala asome karatasi yake kivyake, asiige ya Dodoma.

Mapungufu yapo na lazima niyaseme. Ngazi za kupanda ni kali na hazina pa kushika, mama mwenye magoti mabovu aliteseka, wangeweka hata meza moja chini kwa ajili ya wazee maana wateja wao wengi ndo hao wenye hati za zamani. Pili hawaskani nyaraka, wanatoa kopi za kawaida tu, na kopi ya hati yetu ilitoka hafifu mhuri hausomeki ikabidi tukatoe nyingine nje. Tatu simu, wakiwa na mteja hawapokei na hawarudishi, utapiga mpaka uchoke, hii waiangalie kwa kweli maana kuna watu wanatoka Kongwa na Mpwapwa.

Nyota nawapa nne kati ya tano, hiyo moja wataipata wakishusha meza chini. Mkienda bebeni nyaraka halisi na kopi, msimwachie mtu yeyote halisi hata wao, na wao wenyewe hawazitaki zilale pale. Risiti za zamani msichague, hata iliyofifia au iliyoliwa na mchwa bebeni yote, sisi risiti moja ya Manispaa tuliyoiona haina maana ndo ilionyesha malipo yaliyokuwa yanasomeka kama deni. Jumamosi wanafunga saa sita mchana, wahini asubuhi kabla foleni haijafika kwenye ngazi.