Chungu cha Wakisi: raha ya maharage, shida ya gesi

Vyungu vya Wakisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, hupatikana kwa wingi kwenye gulio la Jumamosi la Lyulilo, jirani na Matema. Hapo unachagua kwenye rundo, na chungu huchaguliwa kwa sikio. Kipakate kiganjani, kigonge ubavuni kwa kifundo cha kidole. Kikilia, kimeiva. Kikitoa sauti nzito iliyokufa, kina ufa usiouona au hakikuiva vizuri. Kisha pitisha kidole ndani toka mdomoni hadi kitakoni. Panapokuwa na unene wa ghafla ndipo patakapopasuka, maana sehemu nyembamba hupata moto na kutanuka kabla ya nene. Kwa hili Wakisi wana mkono: kuta ni nyembamba na sawasawa, na hakuna gurudumu la kufinyangia. Madoa meusi ya moshi si kasoro, vyungu huchomwa nje bila tanuri.

Kilichopakwa rangi ya mafuta ing'ae, kiachie maua.

Kabla ya kupikia, kiloweke usiku kucha. Asubuhi kijaze hadi robo tatu maji yaliyooshea mchele, au maji yaliyokorogwa unga wa mahindi vijiko 3, kichemke kwa moto mdogo kwa muda wa saa moja, halafu kipoe chenyewe jikoni. Wanga huziba vitundu vya udongo. Ukiruka hatua hii, mchuzi utanuka udongo na chungu kitatoka jasho kila ukipika. Jasho kidogo siku ya kwanza ni kawaida. Matone si kawaida.

Kwenye mafiga au jiko la mkaa hakina mpinzani kwa maharage: epua dakika 10 kabla hayajaiva, yatamalizikia humo humo. Kwenye gesi ni taabu. Kitako cha duara hakitulii, na moto hupiga sehemu moja tu. Tanguliza bati nene chini yake, anza na moto mdogo kabisa dakika 10, wala usikiweke kitupu. Maji ya kuongeza yawe ya moto. Kikombe kimoja cha maji baridi kinatosha kukipasua.

Sabuni usitie, inanywewa na udongo kisha inarudi kwenye mboga. Osha kwa majivu na maji ya moto. Na chungu cha samaki kibaki cha samaki, harufu haitoki. Kwa baridi na unyevu wa Tukuyu au Mbeya mjini, usikihifadhi kimefunikwa: kitaota ukungu. Kilaze karibu na jiko, mdomo wazi.

Ukinunua mtungi wa maji, usiupikie uji wala maji ya mchele. Jasho lake ndilo linalopoza maji. Ukiziba vitundu, umebaki na ndoo nzito.